Sinia, Meza, au Majani

12 Julai 1964

Jumapili. Mwaka wa tatu unakwenda tangu nitoke Kabambare. Nilisema nitafanya kazi mwaka mmoja, nirudi na mabati ya kuezekea nyumba. Agathe, mke wangu, niliyemwacha na mtoto, aliniamini. Mimi pia nilijiamini.

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya barua, lakini barua zangu hazijibiwi tangu Pasaka. Nitaandika humu badala yake. Nilisoma hadi darasa la nne kwa mapadri, kwa hiyo naandika polepole.

Kazi yangu ni kubeba. Papa Hemedi anakodisha vyombo vya karamu hapa Kisangani, na mkewe, Mama Mwanahamisi, ndiye mpishi. Mtu mwenye harusi au matanga anakuja barazani, na kabla hajakaa vizuri Papa Hemedi anamwuliza: "Sinia, meza, ao kusimama?" Sinia ni kwa wanaokaa mkekani, watu wanne au watano kuzunguka wali mmoja, kila mtu na upande wake. Meza ni kwa wanaotaka kula kizungu. Papa alinunua meza, sahani na uma mwaka wa sitini, Wabelgiji walipoukimbia uhuru na kuacha hoteli na vyombo vyake. Kusimama ni mtindo wa makarani: chakula kinapangwa kwenye meza ndefu, kila mtu anajipakulia na kula huku akizunguka kama kuku. Wachague wanachochagua, vyote vinapita mabegani mwangu. Mimi ninakula mwisho, jikoni, nimesimama, ukoko wa sufuria.

Sasa karamu ni ya Papa Hemedi mwenyewe. Safi, binti yake wa mwisho, anaolewa mwisho wa mwezi wa nane na Yakubu, karani wa posta. Papa amenipa neno lake: harusi ikiisha, niende kwetu.

Nitarudi Septemba.

15 Julai

Matanga mtaa wa Mangobo. Masinia kumi na mawili. Mgongo.

19 Julai

Yakubu alikuja na tai yake na kalamu mbili mfukoni. Hajawahi kuniita jina. Ananiita "wewe wa sufuria". Alikuja kuzungumza juu ya meza.

"Papa, wenzangu wa posta hawatakaa chini. Wanavaa suruali za pasi."

"Suruali itakunjamana. Haitakufa."

"Donc, meza kidogo tu kwa sisi. Wazee wakae na masinia yao."

"Harusi moja, makundi mawili? Hapana. Meza nakodisha kwa watu wengine. Mutoto wangu sikodishi."

Mama Mwanahamisi aliita toka jikoni: "Yakubu, unaoa Safi ao unaoa meza? Utuambie, tufungashe ile unataka."

Safi alicheka nyuma ya pazia. Yakubu hakucheka. Papa Hemedi alimwambia akae, akamweleza kama mtu anavyomweleza mtoto:

"Sikia. Sahani iko ya mutu mumoja. Anamaliza, anafuta mudomo, anaenda. Sinia iko ya watu. Siku ya harusi, baba ya bibi-harusi na bwana-harusi wanatia mukono mu sinia moja. Toka siku ile hakuna kati yao anaweza kusema, huyu simujui. Nilikula vile na baba ya Mwanahamisi. Alikuwa mutu mubaya, lakini hakunikana hata siku moja."

Nimewahi kumwona Papa Hemedi kwenye sinia mara nyingi. Mkubwa wa sinia hali nyama kwanza. Anaikata kwa vidole na kuisukuma upande wa kila mtu, mmoja mmoja, bila kutazama, huku anazungumza mambo mengine. Mkono wake unafanya wenyewe.

Yakubu aliondoka bila kukubali. Simpendi mtu huyu.

2 Agosti

Mvua. Watu wanasema Simba, waasi, wako karibu. Wiki iliyopita pia walisema hivyo.

5 Agosti

Wameingia. Askari wa serikali walivua sare na kuziacha barabarani, wakavaa nguo za watu. Simba wengi ni vijana wadogo wenye majani kichwani. Tulifunga milango tukasikiliza.

Treni ya Lubunga, ng'ambo ya mto, ndiyo njia ya kwetu, nayo haitembei. Nitarudi itakapoanza.

10 Agosti

Wanachukua makarani. Mwenye kalamu, mwenye miwani, mwenye karatasi ya chama kisichotakiwa. Wanawapeleka kwenye mnara ulio katikati ya mji na huko wanawaua mbele ya watu. Nilipita nikienda kutafuta chumvi. Sitaandika nilichoona. Nilipata chumvi.

Niliporudi nilimkuta Yakubu ghalani, amekaa nyuma ya mikeka iliyokunjwa. Hakuwa na tai wala saa. Viatu alikuwa amevitupa mtoni. Wenzake wawili wa posta wamekwisha kuuawa. Papa Hemedi aliniambia, "Alexis, toka leo anabeba pamoja na wewe. Akiulizwa, iko mubebaji wa Kabambare, ndugu yako."

"Ndiyo, Papa."

Yakubu aliniangalia. Nadhani ndipo alipojua jina langu.

13 Agosti

Yakubu ameosha sufuria kwa mchanga na majivu. Mikono imetoka damu. 

21 Agosti

Kapteni mmoja wa Simba amekuja, jina lake Désiré. Kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na ngozi ya nyani begani. Swahili yake ni ya Kasongo, karibu na kwetu. Amesikia kwamba nyumba hii inapika, na anataka tuwapikie watu wake kila Ijumaa. Hakuuliza kama tunataka.

Alitueleza masharti ya dawa yao. Simba aliyenyunyiziwa maji ya dawa haguswi na mtu asiyenyunyiziwa, hata mkono hapewi. Chakula chake kisipikwe na mwanamke aliye mwezini. Akishika masharti, risasi inageuka maji. Akiyavunja, risasi inabaki risasi.

Mama Mwanahamisi ndiye aliyejibu: "Kapteni, usiogope chakula yangu. Mwezi yangu ilipanda ndege pamoja na Wabelgiji."

Kapteni alicheka mpaka akashika ukuta. Sikutegemea acheke hivyo.

28 Agosti

Ijumaa. Tulipika. Walikula huko kambini kwao, tuliacha sufuria mlangoni.

Wiki hii ingekuwa ya harusi.

4 Septemba

Ijumaa. Tulipika.

11 Septemba

Ijumaa. Tulipika. Mvua ilizima moto mara mbili. Septemba ni mwezi niliosema nitakuwa nyumbani. Treni ya Lubunga imesimama palepale.

18 Septemba

Leo Kapteni alikuja mwenyewe kuchukua sufuria. Safi alikuwa barazani anashona. Kapteni aliona vitenge vya harusi vimekunjwa kwenye kiti na akauliza ni vya nani.

"Vya mutoto wangu," alisema Papa Hemedi. "Alikuwa aolewe mwezi jana."

"Mapinduzi haikatazi harusi. Bwana iko wapi?"

Nilikuwa napita na Yakubu, tumebeba sufuria kubwa kati yetu, vifua wazi. Papa Hemedi akanyoosha kidole. "Ni huyu."

"Kazi yake?"

"Anabeba."

Kapteni alimtazama kwa muda. Yakubu alitazama chini. Sufuria iliinama upande wake, mchuzi ukamwagika mguuni kwangu, moto kabisa. Sikuiachia sufuria.

"Anabeba mubaya," Kapteni alisema. "Bon. Fanyeni harusi. Nitakuja kula, na vijana wangu."

Ndipo Papa Hemedi, kwa mazoea ya kazi, akamwuliza kama anavyomwuliza kila mtu: "Sinia, meza, ao kusimama?"

Kapteni alifurahi kuulizwa.

"Kusimama, hapana. Mutu anakula amesimama anafikiri kukimbia. Sinia, hapana, dawa. Meza. Vijana wangu hawajakaa hata siku moja mu meza ya muzungu. Weka uma mbele ya kila mutu, na bwana-harusi, na majirani. Mutu atashika uma muzuri, tutajua alisoma wapi."

Alicheka. Vijana wake wakacheka. Sijui kama alikuwa anatania. Nadhani yeye pia hajui, atajua siku ile.

20 Septemba

Safi amemfundisha Yakubu kushika uma vibaya. Walikaa ghalani juu ya mikeka, na sahani moja ya hoteli katikati, wameweka ndizi ndani yake. Mimi nilikuwa nafunga kamba za mikeka.

"Shika kama jembe," alisema Safi.

Alishika kama jembe. Alichoma ndizi, akapeleka mdomoni. Mara ya pili vidole vyake vikateleza na kukaa mahali pake, kidole cha shahada juu, kama kwenye picha za magazeti.

"Yakubu."

"Nimeona."

"Tena."

Alianza tena. Kila alipoanza kufikiri neno la kusema, mkono ulirudi. Mwishoni Safi aliushika mkono wake, akaufunga vidole kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia bila sauti. Yakubu alisema, "Nilijifunza kwa kioo. Miezi sita, nyumbani kwa mama yangu, nilikuwa nakula viazi vitamu kwa uma mbele ya kioo, ili siku wakinialika nisiaibike. Hawakunialika."

Niliendelea kufunga kamba. Zamani ningefurahi kumsikia akisema hivyo.

22 Septemba

Papa Hemedi amepanga kukataa meza. Anasema atamwambia Kapteni kwamba binti yake anaolewa kwa sinia au haolewi.

"Basi akule sinia moja na Yakubu," alisema. "Akishatia mukono, hawezi kumukana. Nitamuweka karibu yake kabisa."

"Na dawa?" Mama Mwanahamisi akamwuliza. "Mukono yako ikigusa yake mu wali? Watakuua wewe kwanza, kisha Yakubu."

"Nimelisha watu mu muji huu tangu wakati ya Wabelgiji, mukono yangu inajua njia."

"Ile ndiyo inaniogopesha."

Hawakupatana. Nilipewa ukoko wa maharagwe.

25 Septemba

Ijumaa. Tulipeleka chakula kambini, na Mama Mwanahamisi alikuja nasi, jambo asilofanya kamwe. Alikuwa na uma mmoja umefungwa kwenye nguo. Alimwita Kapteni mlangoni, akakaa chini matopeni kwa heshima, akamwonyesha uma bila kumpa.

"Mutoto yangu, nisamehe, mimi ni mwanamuke tu. Uma hizi ziliingia mu midomo ya Wabelgiji miaka mingi. Tunaosha, lakini chuma inakunywa mate. Dawa yenu inasema nini juu ya mate ya Mubelgiji?"

Kapteni alirudi nyuma hatua moja. Aliwatazama vijana wake, nao wakamtazama yeye. Hakuna aliyejua dawa inasema nini. Hilo si sharti walilofundishwa.

"Na tukule na nini?"

"Na majani. Kama mu safari. Kila mutu jani lake, mukono yake. Hakuna wa kukugusa, hakuna chombo ya muzungu."

"Majani," alisema Kapteni. Nadhani alisikitika kidogo juu ya meza. "Bon. Majani."

Mama Mwanahamisi alipofika nyumbani alitapika nyuma ya jiko, kisha akaanza kumenya ndizi.

3 Oktoba

Mvua kubwa. Bati moja la ghala limekwenda. Nilikumbuka mabati yangu. Sikuhuzunika, nilikumbuka tu.

10 Oktoba

Tumevuka mto kwa pirogi hadi Lubunga, Yakubu na mimi, kutafuta majani ya mangungu, yale mapana ya kufungia kwanga, mkate wa muhogo. Tulikata mizigo minne kwenye kinamasi. Yakubu anakata vizuri sasa. Mkono wake una ngozi ngumu kama wangu.

Tulipita kituo cha treni. Nyasi zimeota kati ya reli. Nilisimama kidogo. Yakubu akaniuliza:

"Tonton Alexis, kwenu wako watu wangapi?"

Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kuuliza katika mji huu. Neno "tonton", yaani mjomba, nililisikia lakini sikulijibu.

11 Oktoba

Harusi. Nitaandika yote, maana kesho nitasahau sehemu.

Mvua ilikatika asubuhi. Sheikh wa mtaa alifunga ndoa barazani kwa haraka, kama mtu anayefunga mzigo. Kisha tukatandaza majani uani, mistari miwili, jani moja kwa kila mtu. Lituma, yaani ndizi za kuponda, pondu ya majani ya muhogo, samaki, wali kidogo, na mbuzi mmoja. Simba walikaa mstari wao, majirani wao, na njia pana katikati ili mtu asimguse mtu. Yakubu alikuwa amevaa kanzu ya Papa Hemedi. Ilikuwa fupi. Nilimwagia watu maji ya mikono kwa birika, Simba kwanza, nikimwaga toka juu ili nisiwaguse.

Wote walikula. Hakuna uma, hakuna sahani. Karani na mwindaji na mvuvi wote walikula sawa, huwezi kujua nani alisoma wapi. Kijana mmoja wa Simba alitania kwamba jani lake ni kubwa kuliko la sajenti, na sajenti akamwambia, "Basi kula na jani." Watu walicheka, hata majirani. Nilianza kufikiri kwamba imepita.

Ikabaki sinia moja. Papa Hemedi hakukubali iondolewe, na Mama Mwanahamisi alikuwa amechoka kubishana. Sinia ya shaba, ile ya baba yake, iliwekwa barazani: Papa Hemedi, Yakubu na mashahidi wawili. Walikula kimya, haraka, waimalize. Mimi nilisimama karibu na birika.

Kapteni aliinuka kwenye jani lake, akapanda barazani, akachuchumaa. Alikaa anaangalia sinia kama mtu anayeangalia picha ya nyumba yao. Alionekana kijana sana usoni wakati ule.

"Kwetu Kasongo, baba yangu alikula hivi," alisema. "Alikuwa ananiweka hapa." Akaonyesha upande wake wa kushoto.

Ningependa mtu amjibu neno lolote, labda angesimama akaenda. Alitia mkono. Alichukua wali kidogo sana, pembeni, mbali na mikono ya wengine, akala.

Na Papa Hemedi, ambaye alikuwa anamwambia shahidi habari ya mvua, alikata nyama kwa vidole na kuisukuma upande wa mgeni. Bila kutazama. Kama anavyofanya siku zote. Kapteni alikuwa anachukua tonge la pili. Vidole vyao vikagusana ndani ya wali.

Niliona. Yakubu aliona. Papa Hemedi aliacha kuzungumza juu ya mvua.

Kapteni alitazama vidole vyake. Uani vijana wake walikuwa wanatazama. Kisha akachukua ile nyama, akaila, akatafuna vizuri. "Asante, Papa," alisema. Alininyooshea mikono. Nilimmwagia maji, naye akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka na watu wake.

Safi na Yakubu wamepewa chumba cha mbele. Nimeosha sinia. Majani nimeyatupa mtoni.

16 Oktoba

Ijumaa. Tulipika. Kapteni hakuja. Wanasema amepelekwa vitani upande wa Opala.

23 Oktoba

Ijumaa. Tulipika. Yakubu anasema Kapteni alijua tangu zamani kwamba yeye si mbebaji. Siku ya harusi, alipokuwa anatelemka barazani, alimwambia kwa sauti ndogo, "Barua zangu ulizichelewesha sana." Sijui kama aliwahi kumwandikia mtu barua toka posta ile.

30 Oktoba

Ijumaa. Tulipika. Samaki tu.

6 Novemba

Hatukupika.

Walikuja kabla ya swala, sajenti na wengine sita. Kapteni Désiré amekufa. Risasi ya kwanza ilimpata, haikugeuka maji. Wenzake waliosimama naye hawakuguswa. Kwa hiyo dawa ni nzuri na iliharibiwa na mtu, na wote waliona iliharibiwa wapi. Hawakuona ni mkono wa nani, kwa sababu mgongo wa Kapteni uliwakinga.

Sajenti alinifuata mimi kwanza, uani. "Wewe ulishika birika. Ulikuwa karibu. Nani alimugusa?"

"Nilikuwa naangalia maji," nikasema.

"Alikuwa bwana-harusi?"

"Nilikuwa naangalia maji."

Alinipiga na kitako cha bunduki hapa, chini ya jicho. Nilianguka na kukaa palepale. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimechoka, na sentensi ile ndiyo pekee niliyokuwa nayo.

Papa Hemedi alitoka chumbani na kanzu ya Ijumaa, ile aliyomwazima Yakubu.

"Muache. Sinia iko yangu. Mukono iko yangu."

"Na bwana-harusi? Alikula mu sinia ile?"

"Alikula kwa jani, kama nyinyi. Mimi na mashahidi tu."

Sijawahi kumsikia Papa Hemedi akisema uongo juu ya chakula. Huyu ndiye mtu aliyesema kwamba waliokula sinia moja hawawezi kukanana. Alimkana Yakubu mbele ya watu wote, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei.

Yakubu alikuwa mlangoni mwa ghala na mkeka begani. Niliona mdomo wake unafunguka. Mama Mwanahamisi akasema, bila kugeuka: "We mubebaji, lete maji."

"Mama—"

"Maji, nimesema."

Yakubu alikwenda kuleta maji. Aliporudi na ndoo, walikuwa wamekwenda na Papa Hemedi. Alisimama na ile ndoo katikati ya ua. Hakuna aliyeyataka maji.

Niliosha masinia yote. Yalikuwa safi. Niliyaosha.

7 Novemba

Mama Mwanahamisi alikwenda gerezani na chakula. Kilipokelewa.

8 Novemba

Kilipokelewa.

9 Novemba

Walimrudishia chakula. Alikileta nyumbani, kimefungwa vilevile, kwenye jani.

17 Novemba

Mvua. Jicho limefunguka.

24 Novemba

Ndege asubuhi, nyingi sana, na watu wanateremka toka juu kwa vitambaa. Risasi kutwa. Tulilala chini ya meza za hoteli. Ni mbao nzuri.

29 Novemba

Sasa ni askari wa serikali na wazungu wa kukodiwa. Wanatafuta waliowapikia Simba. Walikuja kwetu. Yakubu alikuwa amevaa tai. Aliifukua ilikofichwa chini ya mawe ya jiko, ina majivu. Alisimama barazani akazungumza nao Kifaransa cha posta, akawaonyesha kadi yake ya kazi, akasema nyumba hii ilimficha. Waliandika jina lake, wakaondoka.

Mwezi wa nane tai ile ingemwua. Niliitazama mikono yake ikiifungua, mikono mipana, yenye nyufa, haifanani na tai.

Hawakumpata Papa Hemedi gerezani. Wala kaburi.

8 Desemba

Posta imefunguliwa nusu. Yakubu amerudi kazini. Ameniuliza kama nina barua ya Kabambare. Nilisema sina. Alinipa karatasi na bahasha, nikamwandikia Agathe: mimi ni mzima, wewe na mtoto mko wazima? Nilitaka kuandika siku ya kurudi. Kalamu ilisimama, nikafunga bahasha.

16 Desemba

Leo arobaini ya Papa Hemedi. Hatujui siku aliyokufa, tumehesabu toka siku alipochukuliwa.

Jana Yakubu alimwuliza Mama Mwanahamisi lile swali. Mtu lazima aliulize, na hakuna mwingine aliyebaki. "Mama, sinia, meza, ao majani?"

Nilidhani atasema majani. Ndiyo aliyoyachagua yeye, na yalifanya kazi. Mama alikuwa anachambua mchele.

"Sinia."

"Watu wataogopa, Mama."

"Waogope. Sinia."

Waliogopa. Baada ya hitima majirani walisimama uani, na niliona kila mmoja ana sahani yake kwapani, ameibeba toka nyumbani, chini ya koti, chini ya kitenge. Hawakutaka ubaya. Walitaka tu kula bila kumgusa mtu. Mama Mwanahamisi aliwapakulia wote, akawashukuru, wakala wamesimama, wakaenda. Masinia tisa yalirudi jikoni vilevile nilivyoyatoa.

Sinia ya shaba ilibaki barazani. Yakubu alikuwa amekaa, na wale mashahidi wawili wa harusi, ambao walikuja mikono mitupu. Upande mmoja ulikuwa wazi. Nilileta birika, nikamwaga maji, nikasimama mahali pangu.

"Alexis," alisema Mama Mwanahamisi toka mlangoni. "Kaa."

"Mimi ni wa kubeba, Mama. Nitakula jikoni."

"Mu jikoni hakuna kitu. Nimekwisha kuosha sufuria."

Alikuwa anasema uongo, niliona sufuria toka pale nilipo, ukoko upo. Yakubu alichukua birika mkononi mwangu akaiweka chini. Kisha akaichukua tena na kunimwagia maji mimi. Nilikaa. Magoti yangu hayajui kukaa kwenye mkeka wa watu, ingawa mikeka hii nimeibeba mwaka wa tatu.

Hakuna aliyeanza. Walinitazama. Nilihesabu kichwani nikaona kwamba katika watu wale wanne mimi ndiye mkubwa.

Nikafikiri ni vizuri niseme mapema, kabla ya kutia mkono, ili wasinielewe vibaya.

"Wanasema treni ya Lubunga itatembea tena," nikasema. "Nitakwenda kwetu mwezi wa pili."

"Ndiyo, tonton," alisema Yakubu. "Gawa nyama kwanza."

Nikagawa.